Mwalimu Anajibu: Mashine Isiyo na Mtungi na Gesi ya Msimbati

Shikamoo Mwalimu. Baba amelazwa, kawekewa mashine ya oksijeni inayochomekwa kwenye umeme. Mtungi hauna. Oksijeni inatoka wapi? (Mikindani)

Marahaba mwanangu, mzee apate nafuu. Inatoka humohumo wodini, kwenye hewa unayovuta wewe. Katika kila lita 100 za hewa, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni; kilichobaki karibu chote ni agoni. Mashine haitengenezi kitu, inachambua tu. Ndani mna mitungi miwili midogo iliyojaa chembechembe za zeolaiti, madini yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Hewa ikishindiliwa humo, naitrojeni inanasa, oksijeni inapita kwenda kwenye mpira wa puani. Mtungi wa kwanza ukishiba, kazi inahamia wa pili, na ule wa kwanza unatema naitrojeni yake nje. Ndiyo ile "pshii" unayoisikia kila baada ya sekunde chache, usimwite nesi. Anachovuta mzee ni oksijeni ya kama asilimia 93.

Ila zeolaiti inapenda maji kuliko naitrojeni. Ikishaingia unyevu hainasi tena, na mashine itanguruma vilevile huku oksijeni imepungua. Kwa hewa yetu hii ya bahari, mtu akikuuzia iliyotumika ya kuweka nyumbani, usiridhike na mngurumo. Fundi aipime kwanza inatoa oksijeni kiasi gani. Na uwe na mtungi wa akiba, maana umeme ukikatika nayo imekata.

Na hiyo naitrojeni inayotemwa haiwadhuru wagonjwa wengine? (Mikindani, huyohuyo)

Hapana. Imetoka chumbani, inarudi chumbani.

Gesi inachimbwa Msimbati, mlangoni kwetu. Mbona mtungi wa kupikia unakuja kwa lori kutoka Dar? (Mtwara mjini)

Swali hili naulizwa hata msibani. Ni gesi mbili tofauti, ndugu yangu. Ya Msimbati karibu yote ni methani. Inapita mitambo ya Madimba, inatengwa maji na majimaji ya mafuta iliyopanda nayo, kisha inaingia bomba la inchi 36 kwenda Dar es Salaam, ambako nyingi inazalisha umeme. Ya mtungini ni propani na butani, inayoletwa nchini kwa meli. Hizo ukizibana kidogo zinakuwa maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia kitu kinacheza. Methani kwa joto letu hili hata uibane vipi haigeuki maji; bila kuibana, ni mpaka uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Jikoni kwako itafika kwa bomba, si kwa mtungi ule. Bomba la mitaani lichelewe au liwahi, hilo waulize wakubwa.

Pakiti ya korosho nusu nzima ni upepo. Si wizi huo? (Masasi)

Soma gramu zilizoandikwa, upime. Upepo wenyewe mara nyingi ni naitrojeni: oksijeni ikibaki humo, mafuta ya korosho yanaharibika na ladha inageuka.

Mama hawezi kumeza kapsuli za omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Nimefungua, nikasaga zile punje, nikamchanganyia kwenye uji wa moto. Nimekosea? (Lindi)

Umekosea, lakini kwa nia njema. Kila punje imevishwa ganda lake ili asidi ya tumbo isiiharibu dawa, ifunguke ikifika kwenye utumbo mwembamba. Ukisaga, umelivunja, uji wa moto nao unalilainisha. Mweleze mfamasia leo kwamba mama hamezi, akupe njia nyingine.