Skania na fukusi si mdudu mmoja

SWALI: Habari za kazi mtaalam. Nalima mahindi huku Kongwa. Mwaka jana yalikauka vizuri kabisa nikayaweka kwenye kihenge na magunzi yake, miezi minne tu nafungua nakuta unga umejaa chini na punje zimebaki maganda. Jirani anasema fukusi, mama mkwe anasema skania, kwani si wote walewale?

JIBU: Pole sana mama, hiyo ni chakula cha watoto imeondoka na inauma. Hapana, si wamoja, na huo unga mwingi ndo unanionyesha kabisa ni skania, yaani dumuzi, Kenya wanamwita Osama.

Ukimpata mmoja muweke kiganjani. Fukusi ana mdomo mrefu mbele kama mkonga wa tembo, skania hana, kichwa chake kimeinamia chini ukimtazama kwa juu hukioni, na huku nyuma ni kama kakatwa na panga.

Fukusi ni wa nafaka, mahindi, mpunga, mtama, na mara nyingi unamleta mwenyewe toka shambani maana mahindi yakianza kukauka anaruka anakuja anatoboa punje anataga yai ndani halafu anaziba katundu, we unavuna unaona safi. Skania ni mgeni, asili yake Amerika ya Kati, hapa kwetu aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anakula mahindi na makopa ya muhogo, ila ubaya wake mkubwa ni kwamba anaishi hata porini kwenye matawi makavu, so hata usafishe ghala vipi anaweza kuruka toka vichakani akaja, na nguzo na fito za kihenge chako anajificha humohumo. Na ukavu haumsumbui kama unavyomsumbua fukusi, halafu punje zikiwa bado kwenye gunzi anapata pa kujishikiza anatoboa raha mustarehe.

Msimu huu pukuchua mapema mama, usihifadhi na magunzi. Tumia dawa ya vumbi yenye viambato viwili, pirimifosi-methili inampiga fukusi na pemetrini inampiga skania, ukinunua yenye kimoja tu mwenzake anabaki anakula, na kipimo fuata lebo. Nguzo zenye matundu zing'oe uchome kabla hujaingiza mahindi mapya, na makopa ya zamani usiyaache humo ndani.