RTX 5090, 5080 au RX 9070 XT kwa gemu za kucheza peke yako? Anza na skrini

Mkuu, umeuliza uchukue kadi ipi ya picha kati ya RTX 5090 na RTX 5080 za Nvidia, na RX 9070 XT ya AMD. Umesema hushindani na watu mtandaoni, unataka Cyberpunk 2077 na Alan Wake 2 kwa ubora wa juu kabisa, na skrini yako ni ya 1440p, hertz 165. Kwa skrini hiyo, 5090 achana nayo. Picha ya 1440p ina pikseli kama milioni 3.7, ya 4K ina milioni 8.3. Kadi ya VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) 32GB inayokula hadi wati 575 imetengenezwa kwa mzigo wa 4K. Ukiifunga kwenye 1440p, kwenye gemu zisizo nzito itakaa inaisubiri prosesa.

Mimi natumia RTX 4080 Super hapa Dar, na gemu zangu zote ni za hadithi. Anayecheza Counter-Strike anahitaji fremu (picha) mamia kwa sekunde, maana anayechelewa anakufa. Sisi tunatembea, tunasimama, tunatazama. Washa pathi tresingi (kadi inakokotoa njia za mwanga kama ulivyo mwanga halisi) kwenye Cyberpunk, nenda sokoni Japantown usiku mvua ikiwa imetoka kunyesha, kisha inamisha kamera chini: dimbwi linaonyesha hadi bango la juu ambalo halimo tena kwenye skrini, na nyuso za watu zinabadilika rangi kila wanapopita chini ya taa. Hiyo ndiyo sababu ya kununua kadi ghali. Fremu 70 zilizotulia, ukiwa umeshika padi, zinatosha kabisa.

Kwa hiyo jiulize kama pathi tresingi unaitaka kweli. Kama unaitaka, bado Nvidia wako mbele. Kama hujali, 9070 XT ni kadi nzuri sana: ina 16GB, FSR 4 (mbinu ya AMD ya kukuza picha ndogo iwe kubwa) imeipita FSR 3 kwa mbali, na ilipoingia sokoni Machi 2025 bei yake ya kutangazwa ilikuwa dola 599, wakati 5080 ilitoka kwa 999.

Ila kuna moja ya Nvidia hukuitaja, RTX 5070 Ti. VRAM ni 16GB sawasawa na 5080, bei ya kutangazwa ilikuwa dola 749, na tofauti ya kasi si ya kukukosesha usingizi. Mimi ningechukua hiyo, na chenji ningeiweka kwenye skrini ya OLED, ambayo kila pikseli inajiwasha na kujizima yenyewe. Alan Wake 2 karibu yote ni giza na tochi. Kwenye skrini ya kawaida giza lile linakuwa kijivu. Kwenye OLED ni jeusi tii, na tochi inachoma kweli.

Zile fremu za kubuniwa na DLSS, teknolojia ya Nvidia inayoongeza fremu za kati zisizochorwa na gemu lenyewe, wengi wanazitukana. Kwa gemu zetu hazina shida, mradi fremu halisi ziwe zinakaribia 60 kabla hujaziwasha. Zikiwa 30, picha itateleza vizuri lakini mkono utahisi uzito.

Sasa joto. Chumba cha Dar mwezi wa pili, kadi ya wati zaidi ya 300 inakigeuza tanuri. Yangu nimeishusha hadi asilimia 80 ya umeme wake. Feni zimenyamaza na kwa macho sioni kilichopungua. Piga hesabu ya Luku pia: wati 575 kwa saa mbili ni zaidi ya uniti moja, hapo hujagusa prosesa wala AC.

Kingine ni ile plagi ya umeme ya pini 16 kwenye hizi kadi za Nvidia. Tangu 2022 kumeripotiwa zilizoyeyuka, hasa kwenye RTX 4090. Isukume mpaka mwisho, usiukunje waya karibu na plagi, na kabla hujafunga kesi hakikisha ubavu wa kioo hauubani. 9070 XT nyingi zinatumia plagi za kawaida za pini 8, kwa hiyo kama pawa saplai yako ni ya zamani, hapo unapumua.

Taja prosesa na wati za pawa saplai yako, maana chini ya 750 hata hiyo 5070 Ti sikushauri uifunge.