Ngozi na majeraha ya watoto: kwa wauguzi wapya wa zahanati

Wadogo zangu mnaoripoti zahanati, picha nyingi mlizosomea chuoni ni za ngozi nyeupe, ambako kila kilichovimba huwa chekundu. Kwa watoto wetu wekundu huo mara nyingi hauonekani; utaona weusi uliozidi, au rangi ya zambarau kwa mbali. Kwa hiyo gusa. Sikilizia joto, bonyeza taratibu, linganisha na upande wa pili.

Upele wa wadudu wa ngozi (scabies) ndio utakaowasumbua zaidi. Muulize mama mambo mawili: mtoto hujikuna zaidi usiku? Nani mwingine nyumbani anajikuna? Kisha angalia katikati ya vidole, kwapani, kuzunguka kitovu na makalioni. Kwa mtoto mchanga, usisahau viganja na nyayo. Ukimtibu mtoto peke yake umepoteza chupa ya dawa. Nyumba nzima ipake siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto yaanikwe juani. BBE (dawa ya kupaka ya benzyl benzoate) ya watu wazima humchoma mtoto, lazima izimuliwe kulingana na umri wake. Halafu mtahadharishe mama kwamba muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne ingawa wadudu wameshakufa, la sivyo atapaka kila siku mpaka ngozi ichubuke.

Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu. Yanataka dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa. Na uliza kama mtoto ameshapakwa zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Mwanzoni zinapendeza kweli, muwasho unatulia, kumbe fangasi wanasambaa chini kwa chini, na ukija kuangalia hata alama zao za kawaida zimefutika.

Kuungua sasa. Mtoto ataletwa amepakwa dawa ya meno, ute wa yai au unga. Usimgombeze mama, yuko kwenye hofu. Wengi hudhani akishafika kwetu maji hayana kazi tena, lakini maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 bado yanasaidia mradi saa tatu hazijaisha tangu aungue. Barafu hapana. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, maana watoto hupoteza joto haraka, na dawa ya maumivu isisubiri. Kupima ukubwa, kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Ikifika 10, anza maji ya mshipa na andaa rufaa. Uso, mikono, miguu, sehemu za siri na maungio hupewa rufaa hata kidonda kikiwa kidogo.

Aliyejimwagia uji huwa na michirizi na matone yaliyotapakaa. Miguu yote miwili ikiungua kwa mstari ulionyooka kama wa soksi, huenda mtoto alitumbukizwa makusudi; mwite mganga mfawidhi, andika ulichoona, ustawi wa jamii wajulishwe.

Ila mabaka ya bluu makalioni mwa mtoto mchanga, yasiyouma yakibonyezwa, kwa kawaida ni ya kuzaliwa. Yaandike kwenye kadi ya kliniki tangu siku ya kwanza, asije muuguzi mwingine akadhani mtoto amepigwa, akamhoji mama bure.