Wordle kwa mtu wa Kiswahili: jinsi FIGHT ilivyonila siku 143

Siku 143 mfululizo sikukosa jibu la Wordle, mchezo wa kutafuta neno moja kila siku. Siku ya 144, saa sita na dakika kumi usiku, niko kitandani na simu nimeipunguza mwanga, nikafungwa na neno ambalo mtoto wa darasa la tano analijua. Wordle hubadilika saa sita usiku kwa saa ya simu yako, na mimi ni katika wale wasioweza kusubiri kupambazuke.

Kwa ambaye hajacheza: unatafuta neno moja la Kiingereza la herufi tano, una nafasi sita. Ukiandika neno, herufi iliyokaa mahali pake inawaka kijani, iliyomo ila imekaa pasipo pake inawaka njano, isiyomo inakuwa kijivu. Basi.

Nilianza na AUDIO kama kawaida yangu. I ikawa njano, nyingine zote kijivu. Nikaweka LIGHT: L kijivu, IGHT yote kijani! Nikajiona nimeshafika. Nikaweka NIGHT. Wapi. RIGHT. Wapi. MIGHT. Hapo kiganja kimeanza kutoa jasho, nikaweka SIGHT, na nafasi zikaisha. Jibu lilikuwa FIGHT.

Asubuhi nikatuma masikitiko yangu kwenye gurupu la familia. Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha nne, akanijibu bila huruma: "Shangazi, pale hukucheza, ulibahatisha. Ulikuwa na nafasi nne na maneno saba. Hesabu inakataa."

Nikahesabu. NIGHT, RIGHT, MIGHT, SIGHT, FIGHT, TIGHT, EIGHT. Kweli saba, tena hapo sijataja yale ya kizamani kama WIGHT. Akaniambia angekuwa yeye angeandika FERNS. Mimi nikashangaa: FERNS wakati nina kijani nne mkononi? Lakini angalia inachofanya. Inapima F, E, R, N na S kwa mpigo mmoja. Ikiwaka F, jibu ni FIGHT. Ikiwaka R, ni RIGHT. Na hivyo hivyo kwa E, N na S. Isipowaka hata moja, yamebaki MIGHT na TIGHT, na bado nina nafasi tatu. Neno moja la kutupa lingeniokolea siku 143.

Tangu hapo nina daftari dogo la maneno ya namna hii, nayaita koo. Kuna ukoo wa OUND: sound, round, found, pound, bound, mound, hound. Kuna wa ATCH: match, watch, catch, patch, batch, hatch, latch. Mbaya kuliko wote kwangu ni ule wenye pengo katikati, SHA_E: share, shape, shame, shake, shave, shade. Ukishajikuta ndani ya ukoo na ndugu waliobaki ni wengi kuliko nafasi zako, acha kuita majina mmoja mmoja. Toa nafasi moja, tunga neno lenye herufi zao za kwanza (au za hilo pengo), kisha rudi. Ila kama umewasha ile hali ngumu, mchezo utakukatalia, maana huko kila kijani lazima ukitumie tena. Mimi nimeizima, na sioni aibu.

Sasa AUDIO. Nadhani Kiswahili ndicho kilichonipeleka huko. Sisi maneno yetu yanaishia na irabu, na konsonanti haikai mbali na irabu yake, kwa hiyo mtu unakimbilia irabu kwanza. Siku moja niliweka hata UGALI, nikitegemea kukataliwa, na likakubaliwa! Nilipiga picha ya skrini nikaituma gurupu zima. UHURU nayo inapita, lakini hiyo ni hasara, U zenyewe tatu. Tatizo la irabu ni kwamba karibu kila neno linazo, kwa hiyo ukijua kuna I hujajua mengi. Kinachotenganisha maneno ya Kiingereza ni konsonanti: S, T, R, L, N, C. Siku hizi naanza na SLATE au CRANE, na WordleBot, ile programu ya New York Times inayochambua michezo, imewahi kuyapendekeza yote mawili. Pia zoesha jicho kuanzia mwisho wa neno. Majibu mengi yanaishia na E, yakifuatiwa na Y, halafu T na R. Y ya mwisho sisi huwa tunaisahau kabisa.

Usihangaike na maneno magumu. Josh Wardle alipoutengeneza mchezo huu kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, walikuwa na maneno kama 12,000 ya herufi tano. Palak ndiye aliyeyapitia akabakiza kama 2,500 ambayo mtu wa kawaida anayafahamu. Gazeti la New York Times liliununua Januari 2022, na mpaka leo jibu kwa kawaida ni neno ulilowahi kulisikia, tena si wingi wa kuongeza S. Ndiyo maana FERNS inafaa kuchujia tu.

Kitu kingine ni tahajia ya Kimarekani. Shuleni tulifundishwa HUMOUR, herufi sita, kwa hiyo jibu lilipokuwa HUMOR Februari 2022, wengi waliosoma Kiingereza cha Uingereza walilalamika. FAVOR nayo ilishatoka mwezi uliotangulia. FIBER na METER ziweke akilini pia. Na herufi ikiwaka kijani usidhani imemaliza kazi, inaweza kurudi tena neno hilo hilo. MUMMY ina M tatu.

Yule kijana wa kidato cha nne anacheza hali ngumu kwa maringo. Juzi gurupu lilikuwa kimya mpaka saa nne asubuhi, si kawaida yake. Nikamwuliza kulikoni. Akatuma mistari yake sita: minne ya mwisho ilikuwa na kijani nne kila mmoja, na jibu lilikuwa HATCH. Nikamwandikia, "Hesabu inakataa, baba." Hajajibu mpaka sasa.