Kwa mliokabidhiwa fimbo ya kuongoza kwaya juzi: acheni kuiga mikono

Wadogo zangu, nimekuwa nikipita kwenye mazoezi yenu na kukaa nyuma kimya. Kila ninapopita nakuta jambo lilelile. Kijana ametazama video, ameiga mikono ya mwongozaji wa okestra ya Berlin, hata nyusi anazinyanyua palepale anapozinyanyua yule, na alto wameshuka sauti tangu ubeti wa kwanza bila yeye kusikia. Nawapenda, ndiyo maana nasema. Kama lazima mumuige mtu, nawapa Stanisław Skrowaczewski, mwongozaji wa okestra kutoka Poland.

1. Sikio kwanza. Skrowaczewski alizaliwa mwaka 1923 Lwów, mji uliokuwa Poland wakati huo na ambao leo ni Lviv ya Ukraine. Alikuwa mtoto wa piano: akiwa na miaka 13 alipiga konseto ya tatu ya piano na okestra ya Beethoven huku akiiongoza okestra mwenyewe. Mwaka 1941 bomu likaangusha ukuta, mikono yake ikaumia, na safari ya piano ikaishia hapo. Akabaki na sikio na kalamu ya kutungia. Hivyo ndivyo vilivyompeleka Paris kwa Nadia Boulanger, mwalimu wa utunzi, vikamrudisha Katowice, Kraków na Warsaw, vikampa ushindi wa mashindano ya Roma mwaka 1956, mpaka George Szell, mwongozaji wa okestra ya Cleveland huko Marekani, akamwalika mwaka 1958. Kuanzia 1960 alikaa na okestra ya Minneapolis miaka 19. Baadaye aliongoza okestra ya Hallé ya Manchester, na alipovuka miaka 80 akachukua ile ya Yomiuri ya Tokyo. Mara nyingi alipanda jukwaani bila nota mbele yake, kwa sababu zilikuwa kichwani. Ninyi mnasimama mbele ya watu mkiwa bado mnatafuta ukurasa!

2. Kimya nacho kinaongozwa. Hapa nitakaa kidogo.

Mnaijua Haleluya ya Handel. Sauti zinapandana, mapigo yanakimbia, ghafla kimya, kisha ile ya mwisho inashuka taratibu. Nilipokuwa kijana niliusoma wimbo ule kwa kusikiliza kanda, na kwenye kanda kimya ni kimya tu, huoni mkono unafanya nini. Ikafika Pasaka, kanisa limejaa hadi barazani. Tulipofika kwenye lile pengo mkono wangu ukaendelea kupiga kwa ukubwa uleule, kama vile watu bado wanaimba. Kulikuwa na besi mmoja, mtu mzima, ambaye hakuwahi kuniondolea macho, kama nilivyomfundisha. Akaona pigo, akaingia. Peke yake. "Ha!" ikagonga paa. Watu wakacheka, watoto wakaanza kumwigiza. Mzee akainamisha kichwa, na ile Haleluya ya mwisho hakuiimba kabisa.

Kosa lilikuwa langu. Jioni nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nilikutazama wewe." Angenigombeza ningepona haraka zaidi. Kwa hiyo nikiona kijana anachapa hewa katikati ya kimya, siwezi kunyamaza. Simamisha mkono. Hesabu moyoni, na pigo la maandalizi litoke pale tu unapotaka wavute pumzi.

Skrowaczewski alirekodi simfoni zote za Bruckner na okestra ya redio ya Saarbrücken. Bruckner alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, na vimya vya namna hii amevijaza tele: okestra nzima inanyamaza, mwangwi unaisha, ndipo safari inaendelea. Sikilizeni jinsi mzee huyu asivyoikimbilia nota inayofuata.

3. Toa "do", nota ya msingi, mara moja, kwa sauti ya chini. Beba penseli. Tena wakichelewa, angalia kwanza kama uliwapa nafasi ya kuvuta pumzi.

4. Msiionee haya asili yenu. Leopold Stokowski alizaliwa London mwaka 1882, baba yake mwenye asili ya Poland, na alizungumza kwa lafudhi ambayo London haikumpa. Alikuwa mwanamuziki mkubwa, aliyeanzia kwenye kinanda na kwaya ya kanisa. Mwaka 1916 huko Philadelphia aliongoza simfoni ya nane ya Mahler kwa wapigaji na waimbaji 1,068. Igeni kazi hiyo, lafudhi muiache. Skrowaczewski aliishi Marekani zaidi ya miaka 50, na Poland yake aliiweka kwenye ratiba ya tamasha. Mwaka 1967 aliwapa watu wa Minneapolis Mateso ya Kristo kwa Injili ya Mtakatifu Luka, kazi ya mtunzi wa Poland Penderecki, muda mfupi tu baada ya kazi hiyo kuimbwa mara ya kwanza Münster, Ujerumani, mwaka 1966.

Ina kwaya tatu za sauti mchanganyiko na moja ya wavulana, kwa Kilatini. Sauti zinagongana zaidi ya saa nzima, halafu mwishoni zote zinakutana na kupatana kwenye E meja safi. Tafuteni ukurasa ule wa mwisho, msome bila kanda mpaka msikie kila sauti inafikaje pale. Jumamosi nitawauliza, na nitaanzia sauti ya besi.