Old Fashioned ya nyumbani Mombasa: anza na maji, wiski baadaye

Ndugu yangu umeuliza kwa nini Old Fashioned yako, ile kokteli ya wiski, inatoka majimaji juu na sukari imelala chini, na kama chupa ya bei zaidi itakuokoa. Haitakuokoa. Nimesimama nyuma ya kaunta za hoteli za ufukweni, Nyali na Bamburi, miaka mingi, na nakwambia hapa kwetu kinywaji hiki huharibiwa na barafu kabla wiski haijapata nafasi ya kukiharibu. (Wasiokunywa mtuwie radhi, mpite tu.)

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli kuwa ni pombe kali, sukari, maji na bitasi (maji machungu ya viungo yanayotiwa kwa matone). Old Fashioned haijatoka hapo mpaka leo. Kwa hiyo maji ni kiungo kamili. Kinywaji kikishakorogwa vizuri, karibu robo ya kilichomo ni maji yaliyotoka kwenye barafu. Na maji ya Mombasa unayajua: mitaa mingi tunaishi kwa visima, na visima vina chumvi. Ukigandisha maji hayo, chumvi inakufuata mpaka kwenye bilauri. Tumia maji yale yale unayonunua ya kunywa. Barafu ya wauza samaki ni ya samaki, tafadhali.

Jambo la pili ni ukubwa. Vile vipande vidogo vya trei ya friji, msimu wa kaskazi, havimalizi hata mazungumzo ya salamu. Kipande kimoja kikubwa kinaguswa na wiski sehemu ndogo zaidi kuliko vipande kumi vyenye uzito ule ule, kwa hiyo kinayeyuka polepole. Chukua hotipoti ya chakula, ijaze maji robo tatu, iweke kwenye friza bila kifuniko. Pembeni na chini pamezibwa joto, kwa hiyo maji yanaganda kutoka juu kwenda chini, yakisukuma hewa na uchafu mbele yake. Itoe kesho yake, kabla ya chini kuganda. Sehemu ya juu utaikuta angavu kabisa. Iache mezani dakika chache ilegee, ndipo uikate kwa kisu cha mkate, na ile yenye ukungu uitupe. Stima ikipotea usiku, anza upya.

Sukari sasa. Chembe haziyeyuki upesi kwenye pombe kali, ndiyo maana yako imelala chini. Pika shira, ile tunayojua ya kaimati ila bila iliki wala kuivuta: vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, ikishayeyuka epua. Kijiko kimoja cha chai kwa bilauri kinatosha. Ukiona haitoshi, ongeza siku nyingine, baada ya kuonja.

Bitasi ni ile chupa ndogo ya Angostura ambayo karatasi yake imezidi kimo cha chupa. Ilianza mwaka 1824 kwa daktari Mjerumani, Johann Siegert, akiwa Venezuela, na siku hizi hutengenezwa Trinidad. Tia matone mawili au matatu ya kutikisa. Ni ghali, lakini chupa moja inakaa muda mrefu sana. Ukiikosa kabisa, loweka maganda makavu ya danzi (chungwa chungu), kijiti cha mdalasini na karafuu mbili tatu ndani ya vodka, wiki mbili kwenye chupa iliyofungwa, kisha chuja. Haitakuwa Angostura, lakini ule uchungu wa danzi unafanya kazi yake.

Wiski sina maneno mengi. Bourbon ni ya Marekani, nafaka yake angalau asilimia 51 ni mahindi, na hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Ule utamu wa vanila unatoka kwenye mti huo. Ya bei ya kati inatosha. Scotch, wiski ya Uskoti, inakubali pia, ila ikiwa na ladha ya moshi punguza bitasi. Kagua stempu ya ushuru kwa programu ya Soma Label ya KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya) kabla hujatoka dukani.

Kuchanganya: bilauri iliyotoka kwenye friji, shira, bitasi, mililita 60 za wiski (vijiko vinne vya chakula), kisha barafu. Koroga taratibu nusu dakika hivi. Sheka, kile chombo cha kutikisia, huihitaji, na usitikise, maana hapa hakuna juisi ya kuchanganyika kwa nguvu. Onja. Kikali bado? Koroga tena.

Ganda la chungwa usiliruke. Machungwa yetu ya soko la Kongowea ni ya kijani kwa sababu pwani haina usiku wa baridi wa kuiondoa rangi hiyo, si kwamba ni mabichi. Osha, kata ganda jembamba, acha utando mweupe, likunje juu ya bilauri mafuta yarukie ndani. Danzi ni bora zaidi ukilipata. Cheri nyekundu za chupa waachie watengeneza keki.

Umesema Jumamosi una wageni wanane. Usikoroge bilauri nane huku watu wanakusubiri barazani. Changanya asubuhi kwenye chupa safi: mililita 480 za wiski, 40 za shira, matone 16 ya kutikisa ya bitasi, na maji ya kunywa 140, kwa sababu hutakoroga tena. Ilaze kwenye friji mpaka jioni. Wakifika, barafu moja moja, mimina, ganda juu.