Jibu: Injini kuzima baada ya kubadilisha filta za dizeli

Mkuu, kama gari-nyumba lako linawaka sekunde chache kisha linazima, na umetoka tu kubadilisha filta zote mbili, huo ni upepo kwenye mfumo wa dizeli. Acha kupiga stata, utaiunguza bure. Legeza skrubu ya kutolea upepo, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu hata kidogo, ndipo ukaze.

Bado inasumbua? Fungua filta uangalie mpira wake wa kuziba. Ule wa zamani hupenda kubaki umeganda pale filta inapokaa; ukifunga filta mpya juu yake, itavuta hewa tu.

Halafu filta ya pili, iliyo karibu na injini, usiijaze kwa kumimina dizeli ya dumu. Uchafu wote unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), na bei ya nozeli unaijua.